Kamera ya wataalamu, lenzi isiyoingia

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Kirumba, Mwanza, na kazi inayonilisha ni ya ukarani wa mizani pale Mwaloni, ambapo magunia ya dagaa hupimwa kabla ya kupakiwa kwenye malori. Kupiga picha nilianza kwa simu, nikiwapiga wavuvi wanapoingia alfajiri, watu wakazipenda, na tangu mwezi wa pili shemeji yangu amekuwa akiniazima kamera yake ndogo ya Canon kila mwisho wa juma. Baadaye alinipa kabisa lenzi yake ya ziada ya 18-55, yaani inayovutika kutoka milimita 18 hadi 55, akasema niihesabu kuwa mtaji wa kuanzia.

Kwa kamera hiyo ya kuazima nimefanya kazi mbili za kulipwa, na zote mbili zimeniachia aibu. Ya kwanza ilikuwa kipaimara. Ndani ya kanisa mwanga ulikuwa hafifu, flashi niliizima kwa kuheshimu ibada, na picha za watoto wakipakwa mafuta zimetoka zimevutika, mikono miwili imekuwa minne, ilhali nguzo na madhabahu vimetoka safi kabisa. Ya pili ilikuwa ya maarusi walioniomba niwapige saa saba mchana ufukweni, Jiwe la Bismarck likionekana nyuma yao. Jiwe limetoka, maji yanametameta, lakini uso wa bibi harusi ni giza tupu, hata mama yake akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nampiga mwanawe au nalipiga jiwe.

Sasa mimi na mama watoto tumeweka akiba ya shilingi 1,400,000. Rafiki yangu mwenye studio mjini anauza Canon 5D Mark II, bodi tupu, yaani kamera bila lenzi, kwa shilingi 1,200,000. Anasema ni fulu fremu, yaani ya kihisi kikubwa, inaona gizani, na kwamba mwenye akili hanunui kamera ya kujifunzia kwa sababu baada ya mwaka ataitupa. Nimepanga kuifunga lenzi yangu ya 18-55 na kuingia kazini. Mama watoto anataka tununue kamera ndogo na fedha nyingine ibaki nyumbani. Jamaa mwingine ananivutia kwenye zile kamera za zoom ndefu, ambazo anasema ukisimama Capri Point zinakuletea Kisiwa cha Saanane mpaka puani. Wiki sita zijazo binti wa mjomba wangu ana sendofu na nimeshaombwa nipige. Niseme ukweli pia kwamba mpaka leo natumia ile alama ya kijani ya Auto peke yake. Naomba unielekeze.

Karani wa Mizani, Kirumba

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jambo ambalo linaweza kukuokolea akiba yako kabla hata hatujafika kwenye ushauri wenyewe: lenzi yako ya 18-55 haitaingia katika 5D Mark II. Ichukue mkononi uitazame pembeni mwa shingo yake, karibu na mahali inapofungiwa kwenye bodi, nawe utaona alama nyeupe ya mraba. Alama hiyo inakwambia kwamba lenzi ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa kamera za Canon ambazo kihisi chake, yaani kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo kwa umbo. Bodi ya 5D ina nukta nyekundu pekee, ambayo ni ya lenzi za EF, na yenye mraba mweupe haifungiki hapo. Usijaribu kuilazimisha, kwa sababu ndani ya kamera hiyo mna kioo kikubwa kinachopanda na kushuka kila unapobonyeza, na kitako cha lenzi ya EF-S kinajitokeza mahali ambapo kioo hicho hupita. Ungelipa shilingi 1,200,000, ukabaki na 200,000 na bodi isiyo na jicho, wiki sita kabla ya sendofu.

Sidhani rafiki yako amekudanganya. Inawezekana hakuuliza una lenzi gani, nawe hukumwambia. Hata sifa alizoitaja ni za kweli kwa sehemu yake. Kamera hiyo ilipotoka mwaka 2008 iliheshimiwa sana, na kihisi chake cha milimita 36 kwa 24 kina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu ya kile kilicho katika kamera ya shemeji yako, kwa hiyo kinakusanya mwanga mwingi zaidi pale ambapo mwanga ni haba. Lakini ina vituo 9 tu vya kutafutia fokasi, yaani ukali wa picha, haina flashi yake yenyewe, na inatumia kadi za CompactFlash, zile pana zenye matundu madogo ukingoni, wala haipokei kadi ya SD.

Kuhusu hizo kadi, naomba uniruhusu nikusimulie mkasa wangu. Nilipotoka kwenye kamera za filamu nilinunua bodi kubwa ya aina hiyo, nikaenda kupiga harusi Nyakato nikiwa na kadi moja, nikidhani inatosha kwa sababu kwa filamu nilizoea picha 36 kwa mkanda na kadi ile ilionekana kama bahari. Ilijaa wakati keki inaletwa. Ilikuwa Jumamosi saa tatu usiku, na kijana niliyemtuma mjini kwa bodaboda alirudi na kadi tatu za SD, nzuri kweli, ambazo hazikuwa na pa kuingia. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya spika nikifuta picha moja moja ili kupata nafasi, na katika haraka hiyo nikaifuta ya baba mzazi akimkabidhi binti yake. Huwa nikiona kamera kubwa inauzwa kwa bei ya huruma, nakumbuka kile kiti.

Sasa turudi kwenye picha zako mbili zilizoharibika, kwa maana hizo zinaweza kukuchagulia kamera kuliko mimi na marafiki zako wote. Ya kanisani umeieleza vizuri kuliko unavyofikiri. Nguzo zimetoka safi, maana yake mkono wako haukutetemeka na fokasi haikupotea. Mikono imekuwa minne, maana yake shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kuruhusu mwanga, ilikaa wazi muda mrefu kuliko mikono ya watoto ilivyotulia. Fungua picha hizo kwenye kompyuta utazame taarifa zake. Nitashangaa kama hutakuta kasi ya 1/15 au 1/20 ya sekunde, huku tundu la lenzi likiwa f/5.6 (namba hii ikipungua, tundu linakuwa kubwa zaidi), kwa sababu lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi 55 haiwezi kufungua tundu zaidi ya hapo. Kumshika mtoto anayenyanyua mkono kunahitaji angalau 1/125, na kutoka 1/15 hadi 1/125 ni kupunguza mwanga mara nane. Swali linabaki kuwa huo mwanga wa mara nane utaupata wapi. Fulu fremu ya rafiki yako ingekupa mara mbili na nusu. Lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, ile fupi na nyepesi ambayo wapiga picha wengi huianzia, inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya f/5.6, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ile bodi. Hesabu hii ukiielewa, nusu ya maneno ya wauza kamera yatakupita bila kukugusa.

Lenzi hiyo ina masharti yake. Ikiwa wazi kabisa, ukisimama mita tatu kutoka kwa mtu, eneo linalobaki safi mbele na nyuma ya macho yake ni kama robo ya mita tu, kwa hiyo watu wawili waliosimama mmoja nyuma ya mwingine hawatatoka wote. Hapo ifunge hadi f/4 na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Vilevile haina zoom, na katika kamera yenye kihisi kidogo inaona jembamba, kama lenzi ya milimita 80 inavyoona katika fulu fremu. Kanisani hilo ni neema, kwa kuwa utakaa benchi la tatu bila kumsogelea padri. Sebuleni kwa mjomba utajikuta umebandika mgongo ukutani na bado shangazi mmoja amekatwa bega, na hapo ndipo 18-55 yako itakapokufaa.

Picha ya ufukweni ni kosa la namna nyingine, na hakuna kamera ya bei yoyote ambayo ingelikuepusha nalo kwa uhakika. Kamera hupima mwanga wa mandhari iliyo mbele yake na kutafuta wastani. Saa saba mchana huku kwetu jua liko utosini, ziwa linarudisha mwanga kama bati jipya, na kamera ikiona mwangaza wote ule inapunguza, hivyo maji yanatoka vizuri na uso uliokaa kivulini mwa paji na mtandio unazama gizani. Dawa yake ni kitufe kilichoandikwa +/-, ambacho unakisogeza hadi +1 au zaidi, ukikubali maji yapauke kidogo ili uso upatikane. Lakini alama ya kijani ya Auto imekifunga kitufe hicho. Mpaka utoke hapo uende P au Av, alama ambazo zinakuachia wewe sehemu ya uamuzi, kamera haikuruhusu kuirekebisha. Flashi ndogo ya kwenye kamera ingesaidia kidogo, ila chini ya jua lile nguvu yake haivuki sana mita moja. Njia nyepesi ilikuwa kuwahamishia maarusi kwenye kivuli cha mti au cha mwamba, na miamba Mwanza hatujapungukiwa.

Unaona, basi, kwamba picha moja iliharibiwa na tundu dogo la lenzi, na nyingine na kitufe ambacho hujawahi kukigusa. Hicho ndicho kipimo cha ujuzi ninachokitumia kwa vijana wanaonijia, wala siwaulizi wamepiga miaka mingapi. Namwuliza mtu: picha yako hii imeharibika kwa sababu gani? Asiyeweza kujibu anahitaji kamera itakayomwonyesha jibu kwa gharama ndogo. Anayeweza kujibu, tena akajibu kwamba ameshafungua tundu lote, ameshapandisha ISO mpaka picha imejaa chengachenga, na bado shata haitoshi, huyo kihisi kikubwa kimekuwa haki yake, na atakijua kwa jina bila kuambiwa na mtu. Wewe bado hujafika huko, na ninavyokuona uko mbali nako kwa miezi minane au kumi ya kazi, si zaidi.

Kwa hiyo nipo upande wa mama watoto, kwa tofauti moja. Nunua bodi ndogo ya Canon iliyotumika, usibadili kampuni kwa sababu lenzi unayo tayari. Ningekuwa mimi ningetafuta 700D ya mwaka 2013, ambayo ina megapikseli 18, kioo cha nyuma kinachogeuzwa na kuguswa kama simu, flashi yake mwenyewe, na inatumia kadi za SD zinazopatikana kila duka la simu. Kioo kile kina faida kubwa kwa anayejifunza: ukiweka kamera ionyeshe picha hapo badala ya kuchungulia kwenye kidirisha cha jicho, ukisogeza +/- unaona uso ukipata nuru papo hapo, na somo la ufukweni unalimaliza kwa dakika tano. Ukikutana na 4000D mpya ndani ya boksi kwa bei inayokaribiana, upya wake usikuteke haraka, kwa kuwa Canon waliibana sana gharama: kioo chake ni kidogo na chenye picha hafifu, na hata mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki. Zipo pia kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani, ambazo hulifuata jicho la mtu zenyewe na ni bora kweli, lakini kwa 1,400,000 huenda ukapata bodi ukakosa lenzi ya kuifungia. Canon hawajatoa DSLR mpya, yaani kamera yenye kioo cha ndani, tangu mwaka 2020, na wataalamu wengi wanahamia kwenye hizo zisizo na kioo, ndiyo maana za zamani zinashuka bei. Kwa mfuko wako hiyo ni habari njema.

Usisumbuliwe na megapikseli. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri inahitaji chini ya megapikseli 9, na wateja wako wengi watazipokea kwa WhatsApp, ambayo inazipunguza tena. Watumie kama faili ukitaka wazione zilivyo.

Tofauti yangu na mama watoto ni kwamba fedha itakayobaki isilale yote. Itoe lenzi ya 50, betri ya pili, kadi mbili badala ya moja (nimeshakueleza kwa nini), na flashi ya nje hata kama ni ya mtumba, kwa sababu ukumbi wa sendofu usiku una taa za rangi zinazogeuza uso wa mtu kuwa wa zambarau. Kitakachosalia baada ya hapo, mrudishie yeye.

Zoom ndefu nitaimaliza kwa maneno machache. Ipo Nikon P900 ya mwaka 2015 inayokuza mara 83, na ni kweli utawaona ndege wa Saanane. Lakini ili kupata zoom hiyo kihisi kimefanywa kidogo kama cha simu za kawaida, na kanisani ungekuwa na hali mbaya kuliko ile ya kipaimara.

Unapokwenda kununua, nenda mchana, na ubebe lenzi yako na kadi yako, ili usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Funga lenzi wewe mwenyewe. Weka Av, peleka tundu hadi f/16, piga anga tupu, kisha ikuze picha kwenye kioo uitembelee pembe hadi pembe: vidoadoa vya kijivu ni vumbi na linasafishika, lakini mstari au mkwaruzo achana nao. Kama unanunua na lenzi, fungua mifuniko yote miwili, umulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukichungulia mbele. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ambayo katika unyevu wa kandokando ya ziwa huota haraka, na sioni sababu ya kulipia ugonjwa. Inua flashi uone kama inawaka, bonyeza kila kitufe, fungua mlango wa betri utazame kama kuna kutu. Shata za kamera za daraja hili kwa kawaida hukadiriwa kufika mibonyezo 100,000, na kwa Canon nyingi idadi iliyokwisha kutumika haiandikwi kwenye picha, inasomwa kwa programu na waya; fundi mzuri anaweza kukusomea. Mwisho mwombe muuzaji risiti, na kama hana, andikianeni mbele ya shahidi na namba ya kamera iandikwe humo, kwa sababu kamera za wizi huzunguka.

Ukishaipata, isilale kabatini ndani ya begi la nguo. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka humo vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kamera ikae humo. Pale Mwaloni usibadilishe lenzi kabisa. Magamba ya dagaa yakikauka huwa vumbi jepesi linaloelea, nawe wajua kuliko mimi jinsi linavyoingia hata ndani ya saa ya mkononi.

Kuhusu sendofu ya binti wa mjomba, nisingependa uwe mpiga picha peke yako, na ni heri umweleze mjomba sasa kuliko baadaye. Mwambie amtafute mzoefu kwa tukio lenyewe, nawe umpige binti anapovishwa na kupambwa nyumbani, ambako mwanga wa dirishani ni mzuri, watu wametulia, na picha ikiharibika unaweza kuirudia. Katika hizo wiki sita, iazime tena kamera ya shemeji kama yako haijapatikana, ukae jioni tatu kila wiki sebuleni chini ya taa moja, Auto ikiwa marufuku. Weka Av, mpige mtoto wako akicheza, upandishe ISO kutoka 400 hadi 800, hadi 1600, hadi 3200, na kila mara utazame kasi ya shata imekuwa ngapi na mikono imetoka mingapi. Ziandike namba hizo kwenye daftari. Karani wa mizani hahitaji kufundishwa namna ya kuandika namba.

Na yule bibi harusi wa ufukweni, kama simu yake bado unayo, mwombe yeye na mumewe wavae tena siku moja, bila malipo. Wafike saa mbili asubuhi, jua likiwa linatokea upande wa mjini, nyuma yako, likiwamulika usoni huku Jiwe la Bismarck likiwa mgongoni mwao. Mwalike na mama yake.